Mkanda wa Wembe: Kwa Kijana Anayeanza Kazi Hii Mtwara

Mdogo wangu, umepata wembe wa kukunja na sasa unatafuta mkanda wa ngozi. Kabla hujatoa hela, nisikilize. Kila kijana anayekuja kujifunza kwenye kibanda changu cha kunyolea hapa Chikongola huanza na swali lilelile: mkanda gani ni mzuri? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Mkanda wako wa kwanza utaukata. Utaukata ndani ya wiki za mwanzo, pale unapogeuza wembe. Kwa hiyo nunua wa kawaida, mpana, wa ngozi ya ng'ombe, ujifunzie huo. Wa bei kubwa subiri mpaka mkono utulie.

Tuelewane kwanza mkanda unafanya kazi gani, maana wengi wanauchanganya na kinoo. Kinoo kinakula chuma na kutengeneza makali. Mkanda unayanyoosha. Makali ya wembe yaliyonolewa vizuri, pale mwisho kabisa, ni membamba kuliko maikroni moja, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukishanyoa, makali hayo hulala huku na huku. Hayajaisha, yamelala tu. Ngozi huyasimamisha na kuyasafisha. Ndiyo maana wembe unaopigwa mkanda kila unapotumika hukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kuona jiwe. Wembe uliokuwa butu kweli hautapona hata ukiusugua kwenye ngozi mpaka magharibi. Huo unataka jiwe la namba 8000 au 12000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi), na kama una mapengo uanzie chini, namba 1000.

Sasa ngozi yenyewe. Nyembe nyingi zina makali ya urefu wa sentimita 7 hivi, kwa hiyo mkanda wa upana wa sentimita 6 na nusu mpaka 7 na nusu unatosha. Urefu sentimita 45 mpaka 60. Unene milimita 3 si mbaya. Ukipata wa upana mdogo zaidi unafanya kazi, lakini itabidi wembe uende kwa mshazari ili makali yote yaguse ngozi, na kwa anayeanza hilo ni tatizo juu ya tatizo.

Ngozi ninayoipenda ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Watu wa pwani wanajua magome ya mikoko yana dawa hiyo ya kukomaza ngozi. Ngozi ya namna hii ni ngumu kiasi, haivutiki ovyo, na uso wake unakubali kulainishwa kwa kiganja. Ile iliyotengenezwa kwa dawa za kromiamu huwa laini na huvutika. Ukiikata pembeni, mara nyingi utaona ndani kuna rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Hiyo waachie mafundi viatu. Ngozi ya mbuzi nayo ni nyembamba mno kwa kazi hii. Ngozi ya farasi nimeishika mara chache. Ni nzuri, inateleza kwa utulivu, ila kuipata huku kusini ni kazi, na sioni sababu ya kijana anayeanza kuhangaika nayo.

Ukienda kwenye mitumba kutafuta mkanda mpana wa zamani wa suruali, na wapo wanaopata mali safi kwa njia hiyo, ugeuze kwanza utazame nyuma. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi kama manyoya mafupi. Ukiona kitambaa kilichobandikwa, rudisha. Uinamishe kidogo: ngozi halisi hukunjamana kwa mikunjo midogo midogo, ile ya plastiki hupasuka rangi. Halafu pitisha kidole upande wa mbele wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshono, nakshi, chapa iliyodidimizwa, vyote hivyo vitakurukisha wembe. Unataka uso mtupu.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu kule Mikindani. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto, na yeye aliamua sitagusa wembe mpaka aridhike. Alinipa kisu cha mezani, kile butu cha kupakia siagi, akafunga mkanda kwenye msumari wa mlango, akaniambia piga. Nikapiga wiki tatu. Nilinung'unika sana moyoni, lakini leo kila kijana wangu anaanza na kisu cha mezani.

Mkono unakwenda hivi. Shika mkanda kwa mkono wa kushoto na uuvute ukaze. Ukilegea, ngozi inapanda juu ya makali na kuyafanya duara, na utashangaa wembe unazidi kuwa butu kadiri unavyoupiga. Shika wembe kwenye shina lake, yaani kile kipande cha chuma kati ya makali na mpini, ukibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ulaze bapa, mgongo na makali vyote viguse ngozi. Mgongo ndio unaotangulia na makali yanafuata nyuma, kinyume na kwenye jiwe. Ukifika mwisho, usiunyanyue. Uviringishe juu ya mgongo wake, kama unavyoviringisha penseli mezani, halafu rudi. Mgongo hauachi ngozi hata mara moja. Kijana hukata mkanda pale anapoanza kurudi kabla hajamaliza kugeuza. Anakuwa na haraka ya sekunde moja tu, na ngozi inabaki na kovu lenye umbo la nusu mwezi.

Usikandamize. Uzito wa wembe unatosha. Na sikiliza: wembe uliolala vizuri unatoa sauti moja, nzito na laini, kwenda na kurudi. Sauti ikiwa tofauti upande mmoja, upande huo mkono wako umeinuka. Mimi hupiga mara 20 kwenye kitambaa kigumu cha turubai au kitani, halafu mara 40 mpaka 50 kwenye ngozi, kabla ya kunyoa. Kwenda na kurudi ni moja. Ile mbio unayoiona kwa vinyozi kwenye video ni mapambo. Anza polepole, kasi itakuja bila kuitwa.

Yale madawa ya kijani ya kupaka kwenye ngozi, unga wa kromiamu oksaidi wa chembe za nusu maikroni, yana kazi yake. Yanakula chuma kidogo na kurudisha makali yaliyoanza kuchoka. Lakini usiyapake kwenye mkanda wako wa kila siku, maana ukishapaka hayatoki. Tafuta kipande kingine cha ngozi, kibandike juu ya ubao ulionyooka, paka hapo kidogo, na ukitumie mara mojamoja.

Nije kwenye utunzaji, kwa sababu hapa Mtwara ndipo mikanda mingi inapofia. Hewa yetu ina maji na chumvi. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikishika, ngozi iliyofungiwa kwenye droo huota ukungu mweupe ndani ya wiki moja au mbili. Mwaka wangu wa pili kazini niliona mkanda umekuwa mkavu wakati wa kusi, nikaupaka mafuta ya nazi mpaka ukang'aa. Nilidhani nimeutendea wema. Ulilainika ukawa kama utambi, ukavutika katikati, na masika yalipofika ukungu ukaukuta umelowa mafuta, ukastawi vizuri. Sikuweza kuuokoa.

Kwa hiyo mafuta ni kidogo sana na mara chache. Kiganja chako kisafi na kikavu ndicho dawa ya kila siku: sugua uso wa ngozi kwa nguvu kwenda na kurudi mara kumi hivi mpaka upate joto, kabla ya kupitisha wembe. Mafuta ya mkono yanatosha. Kufanya hivyo kuna faida nyingine kubwa kwa kibanda kilicho wazi barabarani: kiganja kinasikia mchanga. Upepo wa huku unabeba mchanga, na chembe moja ni ngumu kuliko chuma cha wembe. Nimewahi kuisikia kama chumvi chini ya vidole, nikaifuta, nikajua nimeokoa siku nzima ya kunoa. Mafuta ya ganda la korosho ndiyo usiyasogeze kabisa karibu na mkanda. Yanaunguza mikono ya wabanguaji, yataunguza na uso wa mteja.

Uutundike mahali penye hewa, kivulini, mbali na mlango unaopigwa na mvua na mbali na kuta zinazolowa. Usiukunje. Usiulaze chini usiku, panya wanaupenda. Ukiona ukungu, futa kwa kitambaa kikavu nje ya kibanda, uache kivulini kwenye upepo mpaka ukauke. Jua kali la saa saba litaukunja kama kaukau. Wembe nao ufute ukauke kabisa kabla ya kugusa ngozi, na ukiuweka kwa siku kadhaa upake tone la mafuta ya cherehani. Kutu ikianza kwenye makali, itachana ngozi na ngozi itarudisha uchafu kwenye makali.

Kuna jambo moja sitaki ulipuuze. Mkanda wa ngozi hauchemshwi wala hauoshwi kwa dawa. Ukinyoa mtu kwa wembe, ukaupitisha kwenye mkanda, kisha ukamnyoa mwingine, umewaunganisha damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7. Kwa wateja wa kawaida tumia wembe wa kubadilisha, mpya kwa kila mtu, unaofunguliwa mbele ya macho yake. Wembe wa kukunja na mkanda ni vya kwako mwenyewe, au vya mteja mmoja anayekuja na vyake na kuondoka navyo. Ninao wateja wawili wa namna hiyo, kila mmoja ana mfuko wake.

Ukishaukata mkanda, usiutupe. Mkato mdogo uliosimama kama kope, gundi kidogo ya viatu chini yake, ukikauka pitisha msasa laini wa namba 400 kisha 600 mpaka kidole kisisikie kitu. Mkato wa ukingoni punguza kwa kisu kikali upande mzima. Mkanda wa mjomba bado ninao, sasa una upana wa sentimita 5 tu kwa kupunguzwa hivyo. Makovu ya katikati ni yangu, ya miaka ile. Hapo ndipo vijana wangu wanapopigia kisu cha mezani.