Mtihani wa wakutubi uwape watahiniwa kitabu mkononi

Kwa muda mrefu nimewanoa watahiniwa wa mtihani wa taifa wa ukutubi, na nimewahi pia kukaa upande wa pili, nikitunga maswali. Kila kamati ya marekebisho inapoomba maoni, wenzangu huniuliza wapendekeze nini. Jibu langu halibadiliki: mtahiniwa apewe vifaa vya kazi, kisha apimwe anavyovitumia.

Mitihani mingi ya kuchagua jibu hupenda tarehe. Melvil Dewey alichapisha lini mpango wake wa kupanga vitabu kwa namba za mada? 1876. Na S. R. Ranganathan kanuni zake tano za ukutubi? 1931. Hodari wa kukariri hapati shida hapo. Sasa mpe kitabu kinachohusu malaria. Katika Dewey, ugonjwa huo una makao mawili: 616.9362 kwa upande wa tiba, na 614.532 kwa upande wa kinga na udhibiti wake katika jamii. Ili aamue, lazima asome dibaji, apitie yaliyomo, atambue kama mwandishi anazungumza na daktari aliye kando ya mgonjwa au na afisa anayepanga kampeni ya vyandarua. Uainishaji wenyewe ndio huo. Namba hakuna haja ya kuzikariri, kwa sababu majedwali yapo ili yafunguliwe. Nimefundisha watu wanaobabaika kwenye tarehe lakini wakishika kitabu na majedwali wanafanya kazi safi kabisa, na inaniuma sana wanapoanguka.

Swali la aina hii linatungika hata kwa mtihani wa kompyuta. Onyesha ukurasa wa jina la kitabu, yaliyomo, aya mbili za dibaji na kurasa husika za majedwali, halafu toa namba nne. Ugumu uko kwenye yale majibu matatu yasiyo sahihi. Watungaji wengi huyabuni haraka mwishoni, yakawa ya ajabu kiasi kwamba hata asiyesoma ukutubi anayaondoa. Yachukueni kwenye makosa halisi yaliyomo katika katalogi za maktaba zenu. Kila mkutubi aliyewahi kusafisha rekodi anayo ya kutosha. Kwa huduma ya marejeo fanyeni vivyo hivyo: msomaji anasema anataka “kitu kuhusu maji”, je, utamuuliza nini kwanza?

Kuhusu muhtasari wa mtihani sina mengi. RDA, kanuni za kuorodhesha vitabu kwenye katalogi, ilitoka 2010 kuchukua nafasi ya kanuni za awali, AACR2, kwa hiyo swali linalomtaka mtahiniwa aorodheshe kitabu kipya kwa kanuni za zamani halimsaidii yeyote. Lakini msifute kitu kwa sababu ya umri wake tu. MARC, muundo wa rekodi za katalogi unaosomwa na kompyuta, ni ya miaka ya 1960 na maktaba nyingi bado zinaitegemea kila siku.

Alama ya kufaulu ndiyo ninayowasihi muijadili kwa utulivu. India, katika mtihani wa NET wa kuwapata wahadhiri, ambao ukutubi ni mojawapo ya masomo yake, imekuwa ikifaulisha takriban asilimia 6 ya waliofanya karatasi zote mbili. Ufilipino, kwa leseni ya ukutubi, hudai wastani wa asilimia 75. Njia ya kwanza humshindanisha mtahiniwa na wenzake. Ya pili humshindanisha na kiwango. Ikiwa nafasi ni chache, ushindani una maana yake. Ila kwa kibali cha kufanya kazi mimi nasimama na kiwango, tena kisiwe namba ya kubahatisha. Tumieni njia ya Angoff: wakutubi wazoefu wapitie swali moja moja, kila mmoja akadirie ni sehemu gani ya watahiniwa wanaofikia kiwango kwa shida tu wangelijibu sahihi, kisha wastani wa makadirio hayo uongoze alama. Kwenye jopo waingizeni wanaoendesha maktaba ndogo peke yao, wasiwe maprofesa watupu. Wao wanajua mkutubi mpya anatakiwa aweze nini wiki ya kwanza kazini.

Mabadiliko yakishapitishwa, chapisheni karatasi kamili ya mfano mwaka mzima kabla ya mtihani wa kwanza, bila malipo, na kila jibu liwe na maelezo ya kwa nini ni sahihi na kwa nini mengine siyo. Wanaojisomea wenyewe baada ya kazi wana karatasi za miaka iliyopita tu.