Gran Colombia isingevunjika, nani angejiita Muekuador?

Wiki hii mmeuliza historia ya Amerika ingegeuka watu wa kule wangejiitaje leo. Mi nachukua Gran Colombia, ile nchi ya Bolívar, yule mpigania uhuru toka kwa Mhispania, ya 1819 iliyosambaratika 1831, Venezuela, Panama, Colombia na Ecuador za leo zote zikitawaliwa toka Bogotá. Tuseme haikuvunjika.

Najua wengi watajibu fasta wote wangekua Wakolombia basi yameisha. Wapi. Kwanza hilo "Gran" wamelibandika wanahistoria baadae ili wasichanganye, wenyewe walikua wanasema Colombia tu. Halafu cheki Ecuador. Walipojitoa 1830 jina lililokua limekaa tayari ni Quito, maana tangu enzi za Mhispania eneo zima lilikua chini ya Quito, sasa we mtu wa Guayaquil, mji wa bandari, una hela zako za kakao, ukubali kuitwa kwa jina la mji wa milimani unaoshindana nao? Cuenca nao hawataki. Ikabidi waende kwenye ikweta, na hapo kulikua na Wafaransa waliokuja toka 1736 kupima umbo la dunia maeneo ya Quito kwahiyo habari za ikweta zilishazoeleka. Mstari hauna mwenyewe, nani atanuna! (Ikweta inapita Nanyuki pia, mbona sisi hatukulitaka hilo jina.)

Ndo maana nasema kwenye hiyo historia yangu Waekuador hawapo kabisa, hilo jina kama jina la nchi limetokana na talaka. Kungekua na watu wa Guayaquil na watu wa Quito wanatukanana kwenye mpira, ukolombia unakumbukwa airport ukitoa pasipoti. Wavenezuela wangebaki Wavenezuela, jina lao ni la zamani kuliko Bolívar mwenyewe, kama Mzanzibari tu, muungano ni wa 1964 lakini muulize kwao wapi usikie atakachoanza nacho.

Bolivia isingeguswa, ile ilikua Peru ya Juu na ilijipa jina la mzee Bolívar 1825 ikiwa nje ya Colombia.

Wanaonipa shida ni Wapanama. Bila kujitenga 1903 na Wamarekani na mfereji wao, naona wangekua mkoa wa mbali wenye mvua nyingi, wanalalamika Bogotá haiwaletei barabara.