Si ya 2018, iko ya 1961

Wapo wanaosema Crazy Rich Asians ya 2018 ndiyo filamu ya kwanza ya Hollywood ya mapenzi na vichekesho kujaa waigizaji wenye asili ya Asia. Hapana, haikuwa ya kwanza. Flower Drum Song ya Universal ilitoka 1961, na hadithi yake iko mtaa wa Wachina, San Francisco. Waigizaji wakuu ni Nancy Kwan, James Shigeta na Miyoshi Umeki, ambaye tayari alikuwa na Oscar kwa filamu ya Sayonara. Nimeitazama zaidi ya mara moja. Shigeta anastahili kukumbukwa, maana enzi hizo nani alimpa mwanamume wa Kiasia nafasi ya mpenzi?

Ila usiisifu kupita kiasi. Shigeta na Umeki ni wa asili ya Japani, wakacheza Wachina, na mhusika Madame Liang aliigizwa na Juanita Hall, Mmarekani mweusi. Hata hivyo linganisha na Breakfast at Tiffany's ya mwaka huohuo: Mickey Rooney, Mzungu, akabandikwa meno ya bandia ili awe Mjapani wa kuchekwa. Ile inaniuma hadi leo.