Kapasita inayosoma sawa kwenye multimita bado inaweza kuwa mbovu

Je, kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji) inayosoma sawa inaweza kuwa na hitilafu? Ndiyo, kapasita yenye mikrofaradi kamili, yaani kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji, inaweza kuwa ndiyo inayoizuia pawasaplai, sehemu inayoilisha umeme televisheni yako, isiwake, kwa sababu multimita ya kawaida hupima uwezo huo tu, wala haioni ukinzani wa ndani, yaani ESR, ambao huongezeka kadiri joto linavyokausha majimaji yaliyomo. Juzi nilipima moja ya mikrofaradi 1000 iliyosoma 940, haijavimba hata kidogo, lakini mita ya ESR, inayotumia mkondo geu wa takriban kilohezi 100, ilionyesha zaidi ya omu 3, ilhali mpya ya aina hiyo haifiki hata omu 0.1. Pawasaplai hizi huwasha na kuzima mkondo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na katika kasi hiyo omu 3 ni nyingi mno.

Tafadhali, kabla ya kupima, toa chaji ya kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani kwa kutumia rezista, si bisibisi, kwani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi.