Kwa nini mwenye alama 82 anapewa D?

SWALI: Ninafundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kidato cha tatu. Programu ya wanafunzi wangu huanza na "if alama >= 30:" kutoa D, ndipo zifuate elif (masharti mbadala) za C, B na A, lakini mwenye 82 hupewa D. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwalimu, kosa liko kwenye mpangilio. Python hupima masharti kutoka juu kwenda chini na, ikikuta la kwanza lililo kweli, hutekeleza mistari iliyosogezwa ndani chini yake, kisha huruka elif na else zote zilizobaki; kwa kuwa 82 inazidi 30, sharti la A halifikiwi kamwe. Anzeni na 75, kisha 65, 45 na 30, F ibaki kwenye else, sehemu ya mwisho isiyo na sharti. Mimi huwataka wanaoanza waifuatilie alama moja kwa kalamu kabla ya kugusa kibodi, ingawa hunung'unika.