Ukiumwa na mbwa, chanjo haisubiri
Dada, umeuliza kama mtoto wako aliyeumwa na mbwa asubiri siku 10 kabla ya chanjo. Hapana, usimsubirishe eti muone kwanza kama mbwa atakufa. Chanjo ya kichaa cha mbwa inaanza siku ileile. Hizo siku 10 ni za kumwangalia mbwa huku mtoto tayari anachomwa. Mbwa akibaki mzima, daktari anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Ndivyo ulivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Virusi hutembea kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na dalili zikishaanza (kuogopa maji, kuweweseka) karibu kila mgonjwa hufa.

Sasa hivi osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Kitunguu, majivu, pilipili, hapana kabisa. Kama meno yamepasua ngozi, uliza pia immunoglobulini, yaani sindano ya kingamwili zilizo tayari dhidi ya virusi hivyo, inayopigwa kwenye kidonda chenyewe. Zahanati ndogo mara nyingi hazina, heri uende moja kwa moja hospitali ya wilaya. Na tafadhali mtaarifu ofisa mifugo kuhusu huyo mbwa, kuna watoto wengine hapo mtaani.