Kabla Hujanunua Turbo ya Tatu, Tazama Njia ya Oili

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia wiki hii: "Dada, Forester yangu imeua turbo ya pili. Fundi anasema nitafute ya tatu. Nyumbani hawataki tena kusikia habari za hili gari." Nilicheka, halafu roho ikaniuma, maana najua alichokuwa anakisikia kabla turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi, haijafa: ule mlio mwembamba kama king'ora cha mbali, unaopanda ukikanyaga mafuta na kufifia ukiachia.

Sisi tunaopenda turbo hatuna haja ya kuelezana kwa nini. Anayetaka gari tulivu, yamejaa mjini, achague. Mimi niliitaka Subaru Forester SG5, injini ya EJ205 na turbo ya TD04, nikaipata. Raha yake niliionja kwenye tambarare za Mikumi. Karaha yake niliionja siku hiyo hiyo Kitonga, katikati ya mlima, nyuma yangu foleni ya malori na kioo kimejaa moshi wa buluu.

Gereji niliyopeleka gari walifunga turbo ya mtumba, wakarudishia bomba lile lile la oili, wakachukua hela yao. Mlio ukarudi. Niliporudi kulalamika, mkubwa wao hakufungua hata boneti. Aliwatazama vijana wake, akasema, "Sista, turbo si za kina mama. Uza hii, chukua IST." Vijana wakacheka. Bado linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonivalisha ovaroli. Nikamwita mdogo wangu, tukalifungua gari nyumbani.

Sasa sikiliza. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo kama TD04 haina gololi za kuishikilia. Inaelea juu ya utando wa oili tu. Oili ikichelewa kidogo, chuma kinakula chuma. Na oili hiyo hupita kwenye bomba jembamba linalotoka nyuma ya silenda hedi (kichwa cha injini) ya kulia, pembeni mwa eksozi inayowaka moto. Kwenye gari langu, ndani ya bolti ya banjo, yaani bolti yenye tundu la kupitishia oili, inayoshika bomba hilo kwenye hedi, kuna kichujio cha wavu mdogo ambao hata ncha ya kidole chako haiingii. Tulipoichomoa, wavu ulikuwa mweusi tii. Masizi ya oili iliyoungua yalikuwa yameuziba karibu wote. Turbo mbili zilikufa kwa kiu, na waliolipwa kuziangalia walikuwa wanacheka.

Bomba lile la chuma nililitupa. Nikaagiza mpira wa kisasa, Tefloni ndani na wavu wa chuma cha pua nje, pamoja na bolti na washa zake za shaba. Kuusubiri mzigo kulichosha, tuyaache hayo.

Kufunga kwenyewe si miujiza. Injini ipoe kabisa, kisha toa intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyokaa juu yake, utaiona turbo imejificha nyuma kulia. Kila tundu unalofungua, lizibe papo hapo kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Washa za shaba ziwe mpya, moja kila upande wa banjo. Usizungushie utepe wa Tefloni kwenye nyuzi za bolti, kipande kikikatika kitakwenda kuziba pale pale ulipotoka kuzibua. Anza bolti kwa vidole, spana baadaye, kwa sababu hedi ni aluminiamu na nyuzi zake hazisamehi. Mpira usikunjwe kona kali wala usiguse eksozi. Mimi niliuvalisha na soksi ya kuzuia joto.

Kuna wanaosema weka mpira mnene, oili nyingi ndiyo uhai. Hapana. Nyingi kati ya turbo zenye gololi hutaka oili ipunguzwe kwa kipunguzo chenye tundu la takriban milimita 1, la sivyo presha inasukuma oili kupita sili na unaanza kuvuta moshi tena. TD04 yetu haihitaji kipunguzo hicho, lakini nayo haitaki mafuriko. Na bomba la kurudisha oili kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) lisafishwe pia, maana oili hurudi kwa kuteremka yenyewe tu. Likiziba huku chini, huku juu utamlaumu nani?

Halafu kile ambacho gereji nyingi hawakifanyi kwa sababu ya haraka. Kabla ya kuunga mpira kwenye turbo, chukua bomba la sindano la duka la dawa, dondoshea oili safi kwenye tundu la turbo huku unazungusha feni yake kwa kidole. Ukishafunga kila kitu, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga starta kwa vipande vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe fyuzi na uwashe, uache ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta. Turbo mpya ikiwashwa kavu imeshaanza kufa, hata ungeinunua kwa mshahara wa mwaka.

Mnapenda nguvu, mnachukia oili. Mtu ananunua rimu za bei mbaya, anaweka oili ya kupimiwa kwenye dumu. Ukitoka kukimbiza gari, liache lingurume dakika moja mbili kabla ya kuzima, oili isiungulie ndani ya turbo. Badilisha oili mapema, na kichujio chake. Na ile iliyomo turbo ilipokufa imwage yote, ina unga wa chuma.

Baada ya safari ya kwanza, gari likiwa limepoa, fungua boneti na tochi, pitisha karatasi nyeupe chini ya kila banjo. Ukiona tone, usiongeze kukaza. Fungua, weka washa nyingine mpya, funga upya.